Sasisho moja, notsi 2,614 zimegeuka zaidi ya 5,000. Hii "data yako ni yako" ni danganya toto

Wakuu, kabla hamjashuka chini kuniuliza "kwani hukuwa na bakapu?", nilikuwa nayo. Ina wiki tano. Nitaifikia.

Programu yenyewe ya kuandikia notsi siitaji jina, wanaoitumia wataijua kwa maelezo. Ni zile mnazozipigia debe kila siku: hakuna akaunti, hakuna seva, kila notsi ni faili la Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio, limekaa kwenye folda yako mwenyewe, intaneti ikikatika unaendelea kuandika, na waliotengeneza wakifunga virago kesho mafaili unayafungua kwa programu yoyote ya maandishi. Yote hayo ni kweli, na ndiyo yaliyonivuta. Miaka minne nimemwaga humo kila kitu: mihtasari ya vitabu, kumbukumbu za vikao, maswali ya kumuuliza daktari, namba za vipuri, shajara. Viungo vya kutoka notsi hii kwenda ile vimefumana mpaka nikitafuta neno moja naletewa mambo matano niliyosahau kama nilishawahi kuyawaza. Ingekuwa programu ya hovyo ningeifuta nikalala zangu, nisingefungua uzi.

Sasa sikilizeni cha Jumamosi.

Simu ilijisasisha usiku. Kompyuta niliisasisha asubuhi kwa mkono wangu mwenyewe. Toleo jipya limekuja na kitu wanachokiita maboresho ya viungo: kila notsi inapewa kitambulisho chake, mstari mmoja wa herufi na namba unaopachikwa juu kabisa ya faili, ili ukibadilisha jina la notsi viungo visikatike. Nia nzuri. Ila hicho kitambulisho nani anakitoa? Kila kifaa kinajitungia chake! Simu imepita faili kwa faili ikapachika vya kwake. Kompyuta, bila kujua simu imefanya nini, nayo imepita faili kwa faili ikapachika vya kwake. Halafu vikakutana kwenye usawazishaji, maana mafaili ya simu na ya kompyuta nayalinganisha kwa programu nyingine kabisa.

Wenye fani yao hapa wameshashika kichwa. Programu ya kusawazisha haisomi notsi, inaona mafaili tu. Faili limebadilika huku, limebadilika na kule, na hayafanani. Nani ana haki? Haijui, kwa hiyo inabakiza yote mawili, moja kwa jina lake na la pili likiwa na tarehe na neno la mgongano mwishoni. Nilipotoka kupiga mswaki nilikuta notsi zimevuka 5,000 na bado zinapanda. Na hii programu yetu ikazipokea nakala zote za mgongano kama notsi halali! Kila nikiandika mabano mawili kuweka kiungo, naletewa kila kitu mara mbili, nichague mwenyewe pacha yupi.

"Si ufute nakala za mgongano." Nimefuta. Nilifuta kama arobaini hivi kisha nikashtuka. Ijumaa nilikuwa safarini nimeandika kwenye simu bila mtandao, kurasa tatu za maana, na maandishi hayo yamo kwenye nakala ya mgongano. Lenye jina zuri ndilo la zamani. Yaani kati ya hizi nakala, nyingi zinatofautiana kwa mstari mmoja wa kitambulisho, na chache zimebeba kazi yangu, na kwa nje zote zina sura moja. Nikakimbilia kwenye simu nikaokoe nilizofuta. Wapi! Zilishafutika na huko, ndani ya sekunde chache. Usawazishaji ndivyo ulivyo, kosa unalisafirisha kwa uaminifu uleule unaosafirishia kazi.

Nikawaandikia wenye programu. Siku mbili, jibu mistari mitatu: hawahusiki na usawazishaji wa watu wengine, poleni, na kiungo cha huduma yao ya kusawazisha inayolipiwa kila mwezi. Watu walewale ambao mwongozo wao unasema "tumia njia yoyote ya kusawazisha unayoipenda". Nimeipenda, mkaivunja nyie.

Kinachonichefua ni hili jina wanalojivika, la programu zinazoanza na kifaa chako kwanza, "local-first". Hilo neno lina wenyewe. Maabara ya utafiti wa programu ya Ink & Switch iliandika insha mwaka 2019 ikaweka masharti saba. Watu wamekariri lile la intaneti kuwa si lazima, na lile la umiliki kubaki kwako, kwa sababu ni rahisi kuyatimiza, hifadhi faili kwenye diski umemaliza. Sharti la pili wanalipita kama hawajaliona: kazi yako isifungwe kwenye kifaa kimoja. Limo palepale, sawa na mengine. Programu inayomwachia mtumiaji ajitafutie jinsi ya kupatanisha simu na kompyuta haijaanza na kifaa kwanza. Imeishia kwenye kifaa, basi.

Na njia ipo. Watafiti walishaeleza tangu 2011 miundo ya data inayojipatanisha yenyewe, CRDT, ambapo vifaa viwili vinaandika kila kimoja kivyake na vikikutana vinafika hali moja bila seva ya kuamua ugomvi. Najua ina gharama. Muundo wa namna hiyo unahitaji kuweka historia ya mabadiliko, na faili tupu la Markdown halina pa kuiweka, linabeba matokeo ya mwisho tu. Kwa hiyo ama uweke historia mahali fulani pembeni, ama ukiri wazi kwamba programu yako ni ya kifaa kimoja. Hawa wanataka sifa za vyote viwili bila jasho la chochote.

Tena kwa hili la Jumamosi hata CRDT haikuhitajika. Kitambulisho kingekokotolewa kutokana na jina la faili na folda yake, simu na kompyuta zingefika jibu lilelile, mafaili yangefanana herufi kwa herufi, mgongano ungetoka wapi? Au wangeniuliza mara moja tu: "Tunataka kugusa mafaili yako yote 2,614, turuhusu?" Mafaili si yangu? Mbona mnayaandika bila hodi?

Wale wa "ungetumia Git", naomba mkae kitako. Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili, aliitengeneza Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya watu wanaoandika msimbo wa mfumo endeshi wa Linux, si kwa mtu anayeandika wazo akiwa amesimama kwenye foleni na simu mkononi. Na hata ningeitumia, pande mbili zimeingiza mstari tofauti mahali palepale juu ya faili. Git ingesimama na kuniambia nipatanishe mwenyewe, mara 2,614. Ila nakiri ingekuwa na historia ya kurudia, hapo mmenishinda.

Na kwa kuwa nimeshakasirika, hili nalo. Nyumbani natumia Linux, kazini Windows. Programu inaniruhusu kuipa notsi jina lenye alama ya kuuliza au nukta pacha, na jina hilo ndilo jina la faili. Windows haikubali alama hizo kwenye majina ya mafaili. Basi notsi zangu zote zinazoanza na "Swali:" zilikuwa hazifiki kazini, kimya kimya, miezi, nami nadhani nilisahau kuziandika. Onyo la mstari mmoja lingetosha.

Bakapu sasa. Ya wiki tano, diski ya nje, uzembe wangu, naubeba. Nikiirudisha napoteza wiki tano, na kwenye hizo kuna kitu siwezi kukiandika upya.

Hali ilivyo: usawazishaji nimeuzima kila mahali, folda nimeinakili mara mbili kabla sijagusa kitu, na simu iko kwenye hali ya ndege. Ninachotaka ni skripti, programu ndogo, itakayochukua kila faili na pacha wake, iruke mstari wa kitambulisho, ilinganishe yaliyobaki, yanayofanana iyahamishie folda ya pembeni bila kufuta, na yasiyofanana inipe orodha niyasome kwa macho yangu. Python, chochote. Mwenye nayo aiweke hapa chini. Wa "pole mkuu" na wa "hamia kwangu, hii haijawahi kunisumbua", pisheni kwanza.