Ushauri: ganda la ndizi limegoma kuoza na wazazi wanakuja tarehe 5

Chaki Nyeupe: Wakuu, nafundisha darasa la nne. Tulifukia vitu 4 kwenye ndoo ya udongo: ganda la ndizi, kipande cha gazeti, kitambaa cha pamba na mfuko wa plastiki. Watoto wakaandika utabiri, kipi kitaoza na kipi kitabaki. Wiki 5 zimepita. Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni, tunafukua mbele ya wazazi. Nina wasiwasi ganda halitakuwa limeoza. Nipeni zoezi jingine la haraka, zimebaki siku 9.

Mama Kitalu: Pandeni miti. Sisi kila mtoto alipewa mche wake na kibao cha jina. Wa mwanangu ulikauka, nikahamishia kibao chake kwenye mche wa jirani. Hadi leo hajui.

Kengele ya Nne: Siku hiyo ni kumbukumbu ya kufunguliwa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira, Stockholm mwaka 1972, na miaka yote hii walimu bado mnawaza wageni. Mtoto anaokota karatasi mgeni akiwepo, mgeni akigeuka anaitupa.

Jicho Kavu: Swali dogo. Umejuaje halijaoza kama hamjafukua?

Chaki Nyeupe: Nilichungulia jana watoto walipoondoka. Limekauka, jeusi, gumu kama soli ya kiatu. Gazeti linasomeka hadi matokeo ya mpira.

Pipa la Kijani: Mnanyunyiza maji? Vinavyoozesha ni bakteria na kuvu, navyo vinataka unyevu na hewa. Udongo uliutoa wapi?

Chaki Nyeupe: Chini ya mti, mzuri tu. Maji kidogo kila Ijumaa, sakafu isichafuke.

Pipa la Kijani: Udongo wa chini ya mti wiki 5 usililainishe hata kidogo? Kuna kitu hujasema.

Chaki Nyeupe: Sawa. Niliukaanga kwanza, mpaka ukatoa moshi. Kuna watoto wawili wanaogopa minyoo, mmoja alilia. Ningefanyaje? Na msinihukumu, nimeshapata ganda lililooza vizuri, nimelifunga kwenye mfuko. Nitabadilisha tarehe 4 jioni. Lengo ni watoto waelewe plastiki haiozi, na hilo ni kweli.

Mzee wa Mikasi: Umekaanga udongo bila hata kitunguu 😂

Kengele ya Nne: Utabiri wameandika wao, jibu unaandika wewe. Aibu.

Sina Haraka: Hii chai. Mara "nina wasiwasi", mara soli ya kiatu. Mwezi uliopita huyuhuyu aliomba ushauri wa jino akajiita dereva. Nani anakaanga ndoo nzima ya udongo?

Chaki Nyeupe: Ndoo ndogo, ya lita 5. Nilikaanga kwa mafungu. Na dereva ni kaka yangu, tunatumia akaunti moja.

Mzee wa Mikasi: Kaka aje athibitishe.

Mama Kitalu: Jino lilitoka lakini?

Pipa la Kijani: Iwe chai isiwe chai, kesho weka ndoo ya pili. Udongo wa palepale chini ya mti, usiouonyesha moto, ganda jipya. Maji kiasi kwamba ukiufumbata unashikana bila kuchuruzika. Ya kwanza iache ilivyo. Siku 9 ganda halitaisha, ila ukungu utaonekana na litalainika. Waulize watoto kwa nini ndoo mbili zimetofautiana. Wanaoogopa minyoo wape glavu. Hilo la mfukoni litupe.

Chaki Nyeupe: Wazo zuri. Kwa hiyo itabidi niseme nilikaanga?

Jicho Kavu: Anza na watoto.

Chaki Nyeupe: Watoto sawa. Shida sufuria ni ya jikoni shuleni, na mpishi hajui.