Zana zipi zinafaa trekta dogo la farasi 27 kwenye udongo mzito?

Mkulima wa Kilosa
Habari zenu, wakulima wenzangu. Nimenunua trekta dogo lililotumika kutoka Japani, lenye nguvu za farasi 27, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye uzito wa kilo 1,050. Shamba langu ni ekari sita za mahindi na alizeti, na nusu yake ni udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hupasuka kiangazi na kunata mvua zikianza. Muuzaji ananishawishi nichukue plau ya diski tatu kwa bei nafuu, kwa maelezo kwamba trekta linalovuta kwa magurudumu yote linaimudu. Upana wa trekta, kutoka nje ya tairi moja la nyuma hadi nje ya jingine, ni sentimita 125. Naomba ushauri kabla sijalipa.

Fundi Mikono
Ndugu yangu, usilipe. Plau ya diski huingia ardhini kwa uzito wake, na ndiyo maana hutengenezwa nzito. Yenye diski tatu kubwa huzidi kilo 300 na hukusudiwa matrekta ya farasi 50 na kuendelea. Ukiinyanyua kwa trekta la kilo 1,050, magurudumu ya mbele yatakuwa mepesi mno na usukani hautashika, hasa kwenye mteremko. Zana ikiwa juu, ekseli ya mbele inapaswa kubaki na angalau asilimia 20 ya uzito wa trekta. Kuvuta kwa magurudumu manne hakuondoi tatizo hilo, kwa sababu tairi lisilokandamiza ardhi halivuti.

Anza na rotaveta, zana ya visu vinavyozunguka na kusaga udongo. Farasi 27 ni za injini. Kwenye shafti ya PTO, ile ya nyuma ya trekta inayozungusha zana, tarajia 22 au 23. Kila sentimita 30 za upana wa rotaveta zinahitaji takriban farasi tano, hivyo kikomo chako ni kama sentimita 130, nayo inatosha kufuta alama za tairi zako. Kwa ule udongo mweusi pita mara mbili kwa kina kidogo, badala ya kulazimisha kina chote kwa mpigo mmoja.

Bibi Shamba
Ninakubaliana na Fundi kuhusu plau, ila rotaveta peke yake msimu hadi msimu inanitia wasiwasi. Visu vyake husaga udongo kuwa vumbi juu na kuacha tabaka gumu chini, pale vinapoishia, ambalo mizizi ya mahindi hushindwa kulipenya na maji ya mvua hutuama juu yake. Mwanangu, ukipata fedha tafuta ripa ya jino moja, yaani jino la chuma la kupasua tabaka hilo, uipitishe wakati udongo umekauka na unavunjika. Udongo ukiwa na unyevu, ripa hukata mfereji tu bila kupasua kando. Kina kisizidi sentimita 20, na magurudumu yakianza kuteleza, punguza.

Mkulima wa Kilosa
Shikamoo Bibi, nashukuru sana. Fundi, nimepata rotaveta ya sentimita 120, lakini pini zake za chini ni nene kuliko matundu ya mikono ya trekta langu inayonyanyua zana, yenye kipenyo cha milimita 22 na ushei. Pia wenzo wa PTO una nafasi tatu, na sijui nitumie ipi.

Fundi Mikono
Matundu hayo ni ya daraja la kwanza, yaani saizi ya viungo vya zana kwa matrekta madogo. Pini zikiwa za milimita 28, rotaveta hiyo ni ya daraja la pili, iliyotengenezwa kwa matrekta makubwa zaidi, kwa hiyo ipime uzito kabla ya kufikiria kubadilisha pini. Usitanue matundu ya trekta kwa hali yoyote.

Kuhusu wenzo, matrekta mengi yaliyotumika Japani yana PTO ya kasi zaidi ya moja, na rotaveta nyingi zimesanifiwa kwa mizunguko 540 kwa dakika. Tafuta kibao cha kasi karibu na wenzo, na nafasi za kasi inayozidi hiyo usiziguse. Shafti inayounganisha trekta na rotaveta nayo ipimwe rotaveta ikiwa imenyanyuliwa na ikiwa chini: vipande vyake viwili vinavyoingiliana visigongane mwisho kwa mwisho, maana ndipo gia boksi hupasuka, wala visikaribie kuchomoka. Kifuniko chake cha plastiki kisikosekane, na injini izimwe kabla ya mtu yeyote kusogea kuondoa nyasi zilizojisokota kwenye visu.