Meza ya kunyanyulia pikipiki nyumbani: ninunue, nichomelewe, au jeki ya mkasi inatosha?

Gereji ya Uani

Wakuu, habari za leo. Nina Boxer 150 na Royal Enfield Himalayan 411, na huduma zote nazifanya mwenyewe nyumbani. Nataka kuacha kufanya kazi nimechuchumaa. Chumba ni mita 2.7 kwa 5, sakafu ni zege lenye vigae, dari iko mita 2.4 na boriti ya mlangoni mita 2.2. Kazi zenyewe: tairi, cheni na sproketi, sili za shokapu za mbele, kurekebisha vali, na mara moja moja kushusha injini ya Boxer.

Nina njia tatu mbele yangu: jeki ya mkasi ya skrubu, meza ya kutoka nje inayobeba kilo 450, au fundi wa kuchomelea pale mtaa wa Gerezani, Dar, anayesema atanitengenezea meza ya skwea paipu na jeki ya chupa (ile fupi ya mafuta inayosimama wima) ya tani 2. Ipi itabeba kazi hizi bila kuniangushia pikipiki?

Spana 17

Mkuu, anza na kazi, chombo kitafuata. Pikipiki zako zote mbili zina stendi kubwa, kwa hiyo cheni, sproketi na gurudumu la nyuma hazihitaji lifti yoyote, zinahitaji urefu tu ili mgongo upumzike. Gurudumu la mbele na shokapu ndipo unapohitaji kitu cha kushika injini kutokea chini. Kushusha injini ni jambo jingine kabisa.

Jeki ya mkasi ni chombo kizuri sana kikitumika kwa kazi yake, yaani kunyanyua upande mmoja wa pikipiki ambayo tayari imesimama kwenye stendi kubwa. Zile za kawaida zinaanza na urefu wa sm 10 hivi na kufika sm 35 mpaka 40, na skrubu unaizungusha kwa spana au racheti. Kuinua pikipiki nzima kwa jeki hiyo peke yake, magurudumu yote mawili hewani, sikushauri hata kidogo. Kitako chake ni chembamba na uzito wote uko juu, kwa hiyo ukivuta nati ngumu ya ekseli kwa nguvu pikipiki inalala ubavuni.

Pa kuiweka: chini ya mabomba mawili ya fremu, kamwe si chini ya bolti ya kumwagia oili, kichujio au bomba la ekzosi. Himalayan ina kinga ya bati chini ya injini. Ukiweka jeki moja kwa moja kwenye bati hilo litabonyea na kugusa injini, kwa hiyo ifungue kwanza. Kama fremu haipiti chini ya injini, tumia kipande cha mbao ngumu cha sm 4 au 5, kilichochongwa kukwepa ekzosi, kisambaze uzito kwenye sehemu nene ya kasha la injini. Futa mafuta kwenye mipira ya juu ya jeki kabla ya kuweka, maana mpira wenye oili huteleza.

Ushauri wangu: jeki ya mkasi nunua kwa vyovyote vile. Hata ukiwa na meza utaihitaji juu ya meza.

Chuma na Moto

Naongezea upande wa meza ya kuchomelewa, kwa sababu hiyo jeki ya chupa ya tani 2 imenishtua.

Watu husoma "tani 2" wakaona Himalayan ina kilo 200 tu, wakaridhika. Hesabu haiendi hivyo. Chukua pikipiki kilo 200, ongeza sahani ya juu na mikono yake kilo 70 hivi, jumla 270. Meza inapanda kutoka sm 16 hadi 74, yaani sm 58. Pistoni ya jeki ndogo ya chupa inatoka sm 12 hivi tu. Ili pistoni ya sm 12 ipandishe meza sm 58, lazima isukume kwa wastani kilo 1,300, na hapo msuguano bado hujauweka. Huo ni wastani. Meza ikiwa chini kabisa ndipo inapokuwa nzito kuliko wakati wowote: mikono ya mkasi inayosukumwa kwa ulalo ikiwa nyuzi 10 inataka nguvu mara 5.7 ya mzigo, ikifika nyuzi 30 inataka mara 1.7, na kwenye nyuzi 45 nguvu na mzigo vinalingana. Ndiyo maana meza nyingi za mtaani hugoma kuanza kunyanyuka, na mwenye nayo huishia kuongeza bomba kwenye mpini wa jeki mpaka sili inapasuka.

Mwambie fundi aweke jeki ndefu ya mafuta kama ile ya kreni ya kunyanyulia injini, ya tani 8, ambayo pistoni yake inatoka karibu nusu mita. Italala kwa mshazari chini ya meza. Ikilala, upande wa pampu lazima uelekee chini, la sivyo pampu itavuta hewa badala ya mafuta. Na mikono isilale zaidi ya nyuzi 10 meza ikiwa chini. Mikono ya sm 90 kwenye nyuzi 10 inakupa hizo sm 16, na kwenye nyuzi 55 inakufikisha sm 74.

Vifaa: kitako skwea paipu 50 kwa 50 unene mm 3, mikono boksi 60 kwa 40 unene mm 3, fremu ya juu engo 50 kwa 50 unene mm 5, sahani cheka pleti (bati lenye michongo ya kuzuia kuteleza) ya mm 3 yenye urefu wa mita 2.2 na upana sm 60. Kwenye viungo usikubali vipande vya nondo. Dai bolti za mm 16 zenye alama 8.8 (daraja la uimara wa chuma) kichwani, na sehemu inayokaa kwenye kiungo iwe ile laini isiyo na nyuzi. Fundi asitoboe boksi na kupitisha bolti hivihivi, maana ukuta wa mm 3 utatanuka na shimo kuwa yai. Atoboe, apitishe bushi ya bomba nene kutoka upande hadi upande, achomelee kuizunguka, kisha bolti ikae ndani ya bushi bila kucheza. Bolti ya 16 kwenye shimo la 18 inaonekana jambo dogo ukiitazama mezani kwa fundi, lakini viungo vyote vikicheza mm 2, sahani ya juu inayumba sentimeta kadhaa.

Kufuli ndiyo roho ya meza. Mafuta ni ya kunyanyulia, chuma ndicho cha kushikilia. Taka fito mbili zenye matundu, au meno kwenye kitako, ili pini ya mm 20 iweze kuingia kila baada ya sm 10 za kupanda. Meza isiyo na kufuli ya chuma usiichukue, hata kama rangi yake inang'aa.

Na nyuma ya sahani kuwe na kipande kinachotoka, upana sm 25 na urefu sm 60. Bila tundu hilo gurudumu la nyuma halishuki, linagota kwenye sahani huku juu limeshikwa na madigadi. Tairi ya nyuma ya Himalayan, 120/90-17, ina kipenyo cha sm 65 hivi, kwa hiyo tundu la sm 60 linaliruhusu kuzama sm 15 na zaidi.

Gereji ya Uani

Shukrani sana wakuu. Basi nimeelemea kwenye meza ya kutoka nje, na jeki ya mkasi juu yake. Maswali mawili: vigae vitahimili? Na mikanda niifunge wapi nikiwa natoa shokapu, maana kila maelekezo ninayoyaona yanafunga kwenye shokapu zilezile?

Spana 17

Vigae: vigonge kwa shilingi au mpini wa bisibisi. Panapotoa sauti ya utupu hapana mchanga wa saruji chini yake, na hapo ndipo kitavunjika. Weka plaiwudi ya mm 18 chini ya kitako kizima, kisha pima kwa pima maji pande zote mbili. Meza iliyoinama kidogo chini inaegemeza pikipiki sana ikifika juu.

Mikanda. Kwa kazi za kawaida funga miwili mbele, kutoka kwenye kibano cha chini cha shokapu kwenda pembe za mbele za meza, kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi. Tumia vitanzi laini vya kitambaa, ndoano ya chuma isiguse bomba wala waya wa breki. Usifunge kwenye ncha za usukani, zinageuka na mkanda unalegea. Kaza mpaka shokapu ziingie kama theluthi ya safari yake. Ukizibana hadi mwisho na kuziacha usiku kucha unazitesa sili bure. Halafu miwili nyuma, kwenye keria au fremu yenyewe. Kibano cha gurudumu la mbele ni cha kuelekeza tu, hakihesabiwi kama kifungo. Hakikisha kinabana tairi nyembamba ya Boxer, 2.75-17, na pia 90/90-21 ya Himalayan.

Ukitoa shokapu, umeuliza swali lenyewe hasa. Simamisha kwenye stendi kubwa, miguu yote miwili ikanyage sahani yenyewe, si juu ya kile kipande kinachotoka. Hamisha mikanda ya mbele kwenye fremu, pale pedo za kukanyagia zinapofungwa, mmoja kila upande, ivute chini na nyuma ili stendi isijikunje. Nyuma funga miwili kwenye gurudumu au fremu. Ndipo uingize jeki ya mkasi chini ya injini kwa mbele, uinue hadi tairi iache sahani kidogo tu, mm 10 zinatosha. Kisha toa kalipa ya breki na uining'inize kwa waya (isining'inie kwenye paipu yake), toa gurudumu, madigadi, shokapu moja baada ya nyingine.

Nati zote ngumu zilegeze pikipiki ikiwa bado chini: ekseli zote mbili, sproketi ya mbele, vifuniko vya juu vya shokapu. Nguvu ya kuvunja nati ni ile ile ya kuangusha pikipiki mezani.

Kupandisha ni watu wawili. Injini imezimwa, wewe upande wa kushoto umeshika usukani na breki ya mbele, mwenzako nyuma anasukuma kwenye keria. Ukifika, ingiza gia ya kwanza. Inua sm 10, simama, tikisa pikipiki, kaza mikanda upya, ndipo uendelee. Ukifika juu weka pini, kisha fungua vali taratibu mpaka meza ikae kwenye pini. Hatua hiyo wengi huiruka: pini imewekwa lakini uzito bado uko kwenye mafuta, na siku mafuta yakishuka meza inadondoka hadi kuifikia pini.

Mpwa wa Mombasa

Kwa mwendo huohuo wa mafuta. Jeki ikishuka polepole yenyewe, usikimbilie kubadilisha sili. Mara nyingi ni uchafu chini ya ile gololi ya vali ya kushushia. Meza ikiwa tupu, ipandishe, fungua vali yote ishuke, rudia mara tatu nne, uchafu husafirika. Kama bado, badilisha mafuta.

Mafuta hujazwa pistoni ikiwa imeingia yote, hadi ukingo wa chini wa tundu la kizibo cha mpira. Ukijaza pistoni ikiwa nje, ikirudi haina pa kuyapeleka, na meza haitashuka hadi mwisho. Tumia mafuta ya haidroliki namba 32. Mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4, yasiingie humo: sili za jeki ni za mafuta ya madini, na mafuta ya breki huzivimbisha zikaharibika. Jeki ikiwa laini kama inapampu hewa, fungua vali, pampu haraka mara 10 hadi 15, funga, jaribu tena.

Sisi wa pwani tuna chumvi hewani. Usiache meza juu wiki nzima pistoni ikiwa wazi. Madoa ya kutu kwenye kromu hukwaruza sili kila inapopita, na hapo uvujaji hauponi kwa kubadilisha mafuta. Shusha, pangusa kwa kitambaa chenye oili.

Gereji ya Uani

Na boriti? Kwenye karatasi naona inatosha.

Chuma na Moto

Himalayan ina urefu wa sm 136 hadi kioo cha mbele. Juu ya meza ya sm 75 ni mita 2.11, yaani unabaki na sm 9 chini ya boriti, na vioo vya pembeni ukivikunjua huenda vikafika. Usiweke meza chini ya boriti kabisa. Isukume ndani, ncha ya nyuma iwe sm 130 kutoka mlangoni: mita 2.2 za meza, mita 1 ya ngazi ya kupandia (ule mteremko wa kupandishia pikipiki), na nafasi ya kuzunguka. Kwa upana, meza ya sm 70 katikati inakuachia mita moja kila upande, nzuri kabisa. Mbele acha sm 60 angalau, kwa sababu gurudumu la mbele utalitolea huko.

Ngazi ya kupandia isiwe fupi kuliko mita 1 ikiwa meza yako inaanzia sm 20. Ikiwa fupi zaidi, tumbo la Boxer litaparuza ukingo wa meza gurudumu la mbele likishapita, na ekzosi ndiyo hugusa kwanza. Ikitokea, weka ubao wa sm 5 chini ya ncha ya ngazi iliyo sakafuni, mwinuko unapungua.