Mhadhiri: tangu chuo kifunguliwe sipati usingizi, naombeni ushauri

Mama_Wawili (Juni 2020)
Wakuu, heshima kwenu. Ni mhadhiri msaidizi chuo kimoja cha umma. Tangu tufungue Juni 1 tunafidia wiki zilizopotea kwa korona kuanzia Machi: vipindi mpaka Jumamosi, ukumbi umejaa pomoni, nami napaza sauti ndani ya barakoa ya kitambaa. Takwimu za serikali zilikomea wagonjwa 509, kwa hiyo habari naokota kwenye magrupu ya WhatsApp, tena usiku. Mwanafunzi akikohoa, somo linanipotea. Saa tisa usiku naamka moyo unadunda. Nikirudi nyumbani siwabebi wanangu. Mwezi uliopita tulimzika mwenzetu wa idara, haraka haraka, matanga hayakukaliwa. Kazini nikisema, naambiwa nina hofu tu. Nifanyeje?

Kibo_Kwanza
Piga nyungu, jifukize mvuke, mtangulize Mungu. Hofu ndiyo inayoua.

Bi_Mkubwa
Nyungu haijawahi kumliwaza mfiwa, mdogo wangu. Dada, pole. Msiba wenu bado mmeubeba. Nendeni idara nzima kwa wafiwa, mkae nao uani, penye hewa.

Tabibu_Zamu
Usingizi umekatika tangu lini?

Mama_Wawili
Inakaribia mwezi. Ningeenda zahanati ya chuo, tatizo nesi wa pale tunasali naye jumuiya moja, naona aibu.

Tabibu_Zamu
Basi usianzie hapo. Ikipita wiki mbili na kazi inayumba, hiyo ni ya kutibiwa, si ya kukemewa. Nenda hospitali ya mkoa na kadi yako ya bima ya afya ya NHIF, uulizie afya ya akili. Usimwambie daktari "nahisi malaria", mweleze haya haya uliyotuandikia. Ukijikuta unawaza kujidhuru, usingoje: nenda dharura siku hiyo hiyo, usiende peke yako.

Mtaaluma_Moro
Mnamtibu yeye, ukumbi je? Mwandikie mkuu wa idara: darasa ligawanywe mara mbili, madirisha yawe wazi, kipaza sauti kiwepo. Nakala tawi la THTU, chama cha wafanyakazi wa vyuo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamhusu mwajiri wako pia. Ila tafuta wenzako msaini pamoja. Sisi tulisaini wanne, maana barua ya mtu mmoja huitwa lalamiko.

Mama_Wawili
Kipaza sauti hata sikukiwaza! Barua naandika leo. Hospitali nitamwomba mume anisindikize Jumatatu.

Tabibu_Zamu
Vizuri. Na hayo magrupu yanyamazishe kuanzia leo jioni.