Wakuu, ni kweli wanga na mafuta havikai sahani moja kwa mkimbiaji?

Kipepeo wa Rau: Wakuu, habari za jioni. Najiandaa na kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon. Kwenye mazoezi marefu nikifika kilomita ya 25 miguu inagoma, nabaki natembea. Kuna kocha wa mtandaoni anafundisha kwamba wanga na mafuta visikutane tumboni: ukila ugali usiguse mafuta, ukila parachichi usiguse wanga. Kuna ukweli? Msosi wangu uko vizuri tu. Kile kilima cha Mweka kinaninyima usingizi. Nawasilisha.

MzeeWaNdondo: Mkuu, mimi siku ya fainali ya ndondo nilipiga chipsi mayai saa moja kabla ya mechi. Kipindi cha kwanza chote nimeshika tumbo. Tukafungwa mbili. Siku hizi ndizi mbivu na maji, basi.

Jiko la Nazi: Bibi zetu walikula wali wa nazi na wakalima mpaka jua linazama. Nyie mnawasikiliza makocha wa kwenye simu, chakula alichotupa Mungu mnakiogopa.

Lishe_Moro: Havigombani tumboni. Suala ni saa ya kula. Mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni, ndiyo maana chipsi zilimkalia mwenzetu. Saa 3 au 4 kabla ya kukimbia, wanga uwe mwingi na mafuta kidogo: uji, mkate, viazi vitamu. Milo mingine changanya, wali na maharage ya nazi, kipande cha parachichi pembeni. Akiba ya wanga kwenye misuli na ini hukauka baada ya dakika 90 hadi saa 2 za kasi, hapo ndipo miguu inapogoma. Wakimbiaji wa Kikalenjin katika utafiti uliochapishwa 2004 walipata zaidi ya robo tatu ya nguvu zao kwenye wanga, mafuta kama asilimia 13. Sasa, "msosi uko vizuri" haitoshi. Jana ulikula nini?

Kipepeo wa Rau: Asubuhi mayai mawili na parachichi. Mchana kabichi ya kuchemsha. Jioni baada ya kukimbia, kiazi kitamu kimoja kikavu. Uzito umeshuka na watu wananisifia.

Lishe_Moro: Kiazi kimoja baada ya mbio? Kama ni mwanamke, hedhi inakuja?

Kipepeo wa Rau: Haijaja tangu kabla ya Krismasi. Mimba sina, nimepima. Kocha anasema kwa wanariadha ni kawaida, mwili umeshaiva kwa mazoezi. Halafu nimeshamlipa programu nzima, siwezi kuishia njiani.

Lishe_Moro: Si kawaida hata kidogo, dada. Mwili ukikosa nishati hupunguza homoni za uzazi, na homoni hizo zikishuka mifupa hudhoofika. Wakimbiaji wa namna hiyo hupata nyufa kwenye mifupa ya miguu. Hela ya kocha imeshakwenda, usiiongezee mifupa.

Usinidanganye: Wakuu, hii ni chai. Juzi akaunti hii hii iliomba dawa ya vipele vya ndevu.

MzeeWaNdondo: 😂😂 Nani ana chapati?

Kipepeo wa Rau: Akaunti ni ya kaka yangu, tunatumia wote. Anayeona ni chai apite.

Usinidanganye: Kaka ndiye anayekimbia au wewe?

Lishe_Moro: Hata ikiwa chai, kuna binti anausoma uzi huu kimya na yuko kwenye hali hiyo hiyo. Kipepeo, nenda hospitali, waeleze hedhi imekatika na unakula nini. Rudisha wanga kila mlo, mafuta usiyaogope.

Kipepeo wa Rau: Jumapili tuna kilomita 30 na kikundi, nimeshaahidi. Nitakimbia, ila nitakunywa uji kwanza.

Jiko la Nazi: Utie na karanga, mwanangu.

Lishe_Moro: Karanga akirudi, mama. Kabla ya mbio uji na sukari tu. Ila kwangu mimi, Jumapili hiyo angelala, Jumatatu asubuhi awe kwa daktari.