Biashara ya vitafunwa imenitoa moyo kabisa, naombeni ushauri (nipo Tanga mjini)

Bi_Makorora:
Habari za mchana ndugu zangu, poleni na majukumu.

Mie ni mama wa watoto watatu, nipo hapa Tanga. Nafanya biashara ya vitafunwa, chapati, maandazi na vitumbua, nauza jumla kwa migahawa na kantini moja ya shule. Ndo biashara iliyonisomeshea mtoto wa kwanza mpaka kidato cha nne, kwa hiyo sio kwamba naidharau.

Shida ni kwamba moyo umeisha. Zamani saa tisa usiku naamka bila hata alamu, adhana ya alfajiri inanikuta nishakanda nasukuma. Sa hivi alamu inalia naizima nabaki naangalia bati mpaka binti anayenisaidia aje agonge mlango. Mwezi huu wa sita ndo umenimaliza, shule zimefungwa kwa hiyo kantini imesimama mpaka mwezi wa saba, mume wangu ni mvuvi na kusi limekaza, wanatoka wanarudi mafuta ya boti yamekwisha na samaki wa kitoweo tu. Mgahawa mmoja nnaoupelekea mali kauli deni limefika elfu 42, kila nikienda naambiwa mwenyewe katoka. Halafu nna mkopo wa wiki, hii mnaita kausha damu, kila Jumatatu rejesho elfu 25 na haujali shule imefungwa wala bahari imechafuka.

Siombi hela jamani. Naomba waliopita humu waniambie walirudishaje moyo. Kila mtu ananiambia komaa, mtangulize Mungu. Mungu namtanguliza kila siku, ila huko kukomaa ndo sijui nakomaa vipi na mwili unakataa.

kijana_wa_Kange:
Pole sana dada, usikate tamaa, biashara ndo zilivyo kuna kupanda na kushuka. Kama mtaji umekata jaribu hizi programu za mikopo ya simu, dakika tano tu hela imeingia.

Fundi_Chuma:
Kijana hapana, hapo kwenye mikopo ya simu nakupinga kabisa. Mtu ana rejesho la wiki linamnyima usingizi halafu unamuongezea lingine? Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na wengi tunajua mtu aliyepigiwa simu kazini, akapigiwa na mama mkwe, akapigiwa kila aliyemo kwenye simu yake kisa elfu 50.

Dada, mkopo wako una mkataba wa maandishi? Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, kwa hiyo omba uione na uusome mkataba riba imeandikwa ngapi. Halafu nenda ofisini kwao wewe mwenyewe kabla hujakosa rejesho, waambie kantini imefungwa mpaka mwezi wa saba, waombe wapunguze la wiki warefushe muda, na wakikubali waandike, usikubali ya mdomo. Anayekuja mwenyewe wanamsikiliza, aliyekosa wanamfuata na makreti yake ya soda na tivii yake.

Bint_Raskazone:
Shoga pole. Kabla sijasema chochote naomba unijibu haya. Kilo moja ya ngano unanunua bei gani na unatoa chapati ngapi? Mafuta? Moto? Binti unamlipa shilingi ngapi? Na jumla unauza chapati moja bei gani?

Bi_Makorora:
Ahsanteni. Fundi, mkataba upo, nitausoma tena leo usiku.

Bint, ngano kilo 1,900 natoa chapati 11. Mafuta yanaingia kama ya 1,000 kwa kilo. Moto nachanganya mkaa na gesi, weka 350 kwa kilo. Binti nampa 4,000 kwa siku, tunasukuma kama 150. Jumla nauza 350, mgahawani wao wanauza 500. Boda wa kupeleka asubuhi 2,000.

Bint_Raskazone:
Haya twende pole pole na uchukue kalamu.

1,900 na 1,000 na 350 ni 3,250. Gawa kwa 11, kila chapati imeshakula 295 kabla hujamlipa mtu. Binti 4,000 kwa chapati 150 ni kama 27. Kwa hiyo chapati inatoka jikoni kwako imekugharimu 322 na unaiuza 350. Faida shilingi 28. Mara 150 ni 4,200, toa boda 2,000 zimebaki 2,200. Nazungumzia chapati peke yake, maandazi na vitumbua utapiga mwenyewe kwa mtindo huuhuu, ila rejesho lako la wiki ni elfu 25 na chapati za siku sita zinakuletea elfu 13 na mia mbili.

Sasa uone hiyo elfu 42 ya mgahawa. Kwa faida ya shilingi 28 unatakiwa usukume chapati 1,500 nyingine ndo uirudishe, na hapo boda sijamgusa. Siku kumi za kazi ya mikono yako amekaa nazo mtu anayekuambia mwenyewe katoka.

Shoga yangu huo sio uvivu na wala usiseme moyo umekufa. Unaamka saa tisa usiku kwa 2,200, mtu yeyote mwenye akili timamu mwili wake ungekataa. Mie ningeshangaa kama ungekuwa bado unaruka kitandani.

Halafu angalia upande wa pili. Ukikanda kilo nne tu ukasukuma mwenyewe, ukauza chapati 40 kwa mkono wako kwa 500, kila moja inakuachia 205. Hiyo ni 8,200. Chapati 40 zinakupa karibu mara mbili ya zile 150 na boda hujamlipa bado. Na ni hela taslimu, hakuna wa kumfuata kesho. Sisemi uache jumla, kantini ikifunguliwa na inalipa kila Ijumaa iendelee, ila bei ya 350 iongee nao. Ngano imepanda, wao bei yao kwa mteja ni ileile 500, nusu ya nafasi hiyo ni haki yako.

Mtumishi_Chumbageni:
Kwa hesabu hiyo mie naona afunge tu atafute kazi ya mshahara. Mwisho wa mwezi una uhakika.

Bint_Raskazone:
Mtumishi kazi gani hiyo inayomsubiri mama wa watoto watatu Makorora mwezi huu? Mkono wake unajua kazi na wateja wanapenda chapati zake, kilichokosewa ni bei na nani anauziwa.

Mzee_wa_Pongwe:
Mwanangu, nimesoma yote. Nina neno moja la kale kidogo, nivumilieni.

Mama yangu mzazi alikuwa akiuza uji na mihogo ya nazi langoni kwenye kiwanda cha kamba. Enzi hizo mkonge ndo mji wenyewe, mwaka 1964 nchi hii ilitoa tani kama 230,000 na sehemu kubwa ilitoka mashamba ya mkoa huu. Wafanyakazi wanakunywa uji mwezi mzima wanalipa siku ya mshahara, na mama alikuwa anaringa kabisa, ana daftari lake nene. Kisha kamba za plastiki zikaingia duniani, bei ya mkonge ikaanguka, mashamba yakageuka pori na viwanda vikafunga kimoja kimoja. Ule mwaka langoni kwake watu walipopunguzwa, daftari likabaki na majina ya watu waliokwisha rudi makwao, wengine Kigoma huko.

Nakumbuka alikaa ndani wiki nzima hakupika, na sisi watoto tulikuwa hatujawahi kumuona vile. Alipotoka hakurudi langoni. Alibeba ndoo ileile ya uji akaenda sokoni kwa wachukuzi wa mizigo, watu wenye senti ndogo ila wanalipa kikombe kikiwa mkononi. Alianza na nusu ndoo. Alituambia amechoka na wateja wote kuwa lango moja, lango likifungwa na yeye amefungwa.

Wewe malango yako ni mawili, shule na mgahawa. Na hata mumeo bahari yake ni lango. Kusi litatulia, shule zitafunguliwa, lakini mwezi wa kumi na mbili zitafungwa tena na hilo unalijua leo. Tafuta wa tatu na wa nne wanaolipa papo hapo.

Bi_Makorora:
Shikamoo mzee wangu. Nimekusoma nikiwa nimekaa jikoni, nimesoma mara mbili. Hiyo habari ya kukaa ndani wiki nzima imenigusa, nilikuwa nadhani ni mie tu.

Bint nimepiga ya maandazi na vitumbua. Vitumbua vinalipa vizuri, maandazi yanajilipa tu. Sikuwahi kuyapiga mbali mbali, nilikuwa nahesabu hela iliyobaki kwenye kopo jioni.

Mzee_wa_Pongwe:
Marahaba mwanangu.

dada_wa_Dunda:
Dada salamu kutoka Bagamoyo. Mie nna kibanda cha batiki na vikapu huku Mji Mkongwe. Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, ziara za wanafunzi Kaole na Caravan Serai zikakata siku moja, wageni wa nje nao wakakata. Nikawa nafungua asubuhi nakaa mpaka jioni sijauza hata kikapu. Ujue kilichokuwa kinaniua sio njaa, tulikuwa tunakula mihogo maisha yanaenda, ni kule kukaa siku nzima natazama njia. Ukirudi nyumbani umechoka kuliko siku uliyouza.

Nilichofanya, tulikuwa wanawake watatu jirani tunauza vitu karibu sawa, tukakubaliana kufungua kwa zamu. Anayefungua anauza mali ya wote watatu, anaandika ya nani imetoka. Zile siku mbili za kubaki nyumbani nikashona barakoa za kitenge nikawapa madukani. Hela ilikuwa ndogo. Lakini nilianza kulala, na siku yangu ya zamu ikifika nilikuwa na hamu ya kwenda. Na tulikuwa tunapigiana simu jioni, leo imetoka shuka moja, leo hakuna, basi, bila kujieleza maana wote tunajua. Mumeo anakupenda na watoto wanakupenda ila hawawezi kukupa hiyo, inataka mtu anayeamka saa tisa kama wewe. Kwani hapo mtaani hakuna mwingine wa vitumbua? Usimuone ni adui yako, mfuate.

Shangazi_Mabawa:
Mwanangu unalala saa ngapi? Kama unaamka saa tisa na unalala saa tano kwa sababu ya watoto na vyombo, huo mwili umechoka, haujavunjika moyo. Lala saa mbili na nusu siku tatu mfululizo, vyombo wataosha hao watoto, wakubwa wapo. Ukiona umelala vizuri na bado hula, unalia hovyo, huoni maana ya chochote, nenda kituo cha afya umwambie daktari hivyohivyo ulivyotuambia sisi, ni ugonjwa kama malaria na unatibika.

Jingine, ukishapata mwenzio kama alivyosema dada wa Bagamoyo, tafuteni wengine muwe kikundi mkamuone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, ilisimamishwa 2023 ikarudishwa 2024, na haina riba. Sio ya kesho, ina vikao na fomu na kusajili kikundi, na sio kila kikundi kinapata. Ila bora usumbuke kwa hiyo kuliko ya Jumatatu.

Bi_Makorora:
Narudi na mrejesho ndugu zangu.

Ofisi ya mkopo nimeenda na mkataba wangu. Wamenizungusha kidogo ila mwisho wamekubali elfu 15 kwa wiki mpaka shule zifunguliwe, imeandikwa na muhuri upo. Riba wameongeza ya hizo wiki, nimeona bora nijue kuliko kukimbiana.

Mgahawani nilienda saa nane wakati watu wamejaa, nikakaa nikasubiri mpaka mwenyewe akatoka jikoni. Sikugomba. Nikamwambia mama, hiyo hela ni ngano yangu, nikupe mpaka lini? Amekubali kunirushia elfu tatu kila jioni kwenye simu, jana na juzi imeingia. Chapati sijampelekea tena mpaka iishe, na ikiisha ni 400 taslimu. Hajafurahi.

Jirani wa vitumbua nimemfuata, kumbe yeye ana hali mbaya kunizidi, tumeongea mpaka mume wake akaja kumuita. Tumekubaliana kununua mfuko wa kilo 25 pamoja tugawane, binti atatusaidia wote wawili na tutamlipa wote.

Kesho kutwa naanza na kilo nne za kuuza mwenyewe. Nagombana kichwani kati ya soko la Mgandini na stendi ya Kange. Wenye kujua nisaidieni, niende wapi?

kijana_wa_Kange:
Dada hapa sasa ni nyumbani kwangu, napakia mizigo stendi. Njoo Kange, ila uwahi, mabasi ya Dar yanaanza kutoka alfajiri na abiria wengi hawajanywa chai. Ukifika saa mbili wameshaondoka umewakuta sisi tu, na sisi tutakukopa. Onana kwanza na wanaosimamia wafanyabiashara wadogo pale wakuonyeshe pa kukaa, usije ukafukuzwa siku ya kwanza ukaona nuksi. Funga mbili mbili kwenye karatasi safi, nailoni laini usiguse wanakamata, na mtu wa safari hana pa kunawa kwa hiyo asipake mafuta mikono yote. Vitumbua vya jirani yako navyo beba, vinaenda sana na chai. Chai yupo mama mmoja anauza hana kitafunwa, kaa naye karibu mtauziana. Na njoo na chenji ya mia tano mia tano, dereva akishawasha gari hakuna anayesubiri chenji.

Bi_Makorora:
Mama wa chai anakaa upande gani, wa kuingilia mabasi au wa kutokea?

kijana_wa_Kange:
Wa kutokea. Uliza mama chai tangawizi, kila mtu anamjua.