Naomba ushauri: intafesi ya sauti inazimika nikiwasha volti 48

Wadau, intafesi yangu ya njia mbili (kifaa cha kuunganisha maikrofoni na kompyuta) inategemea umeme wa USB pekee. Kwenye laptopu mpya yenye tundu za USB-C tu, nikiwasha volti 48 ambazo intafesi hupeleka kwenye maikrofoni ya kondensa ili ifanye kazi, taa inafifia, sauti inakwaruza, kisha kifaa kinapotea kwenye Windows. Draiva ni mpya, kebo nimebadilisha, na ile mipangilio ya Windows ya kulaza USB ili kuokoa umeme nimeizima. Maikrofoni ya dainamiki, isiyohitaji volti 48, haisumbui hata kidogo, ndiyo maana nashuku umeme. USB 2.0 hutoa miliampia 500. Huenda adapta ndogo ya C inapoteza volti njiani. Je, habu (kigawanyo cha tundu za USB) yenye chaja yake ya volti 5, ampia 2 itatosha, au kebo ya C hadi B (tundu la intafesi) bila adapta? Na pale Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, habu nzuri nitaipimaje kabla ya kulipa?